Kopo la Sarafu za Merikani

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Nimepima tangu asubuhi. Mgongo unauma. Wachimbaji kutoka Punia walifika kwa pamoja, matope hadi magotini, dhahabu yao bado imeshikana na zebaki. Nikaichoma nyuma ya nyumba, pua nimeziba kwa kitambaa. Halafu asidi. Halafu maji. Halafu mizani. Ndiyo sheria ya nyumba hii: kitu hakipandi kwenye mizani kabla ya kuoshwa. Patroni Kalonda anasema uchafu una uzito, na yeye hanunui udongo.

Mzee mmoja alikuja na vipimo vyake mwenyewe vya uzito, njiti za kiberiti. Patroni alizishika moja moja, akazitazama kwenye mwanga.

"Papa, njiti zako zimekonda. Zilifunga Ramazani?"

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Mimi nilicheka, kwa sababu Patroni alikuwa ananitazama. Nikajichukia mpaka jioni.

Tangu mvua zilipoanza kupungua napima mbele ya mtu aliyemuuza baba yangu. Hajui mimi ni nani. Hapa natumia jina la mjomba. Akisimama nyuma yangu vidole vinatetemeka. Anadhani ni heshima.

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa sita

Leo alifunga mlango wa mbele mapema. Akatoa kopo kubwa la maziwa ya unga, zito, akalimwaga juu ya meza yangu.

Sarafu. Za fedha nyingi, kubwa kama kifuniko cha chupa ya mafuta, nyeusi-nyeusi. Za dhahabu tisa. Juu ya nyingine mwanamke ameketi. Juu ya nyingine kichwa cha mwanamke mwenye taji. Upande wa pili, tai.

Akasema ni pesa za Merikani, za zamani sana. Yuko mnunuzi Kampala ambaye hanunui dhahabu kwa gramu. Ananunua miaka. Patroni hakuelewa maana yake, lakini alielewa kwamba ni pesa nyingi. Mimi nimesoma, nina simu, najua Kifaransa na Kiingereza kidogo. Nizitafutie bei, moja moja.

Sikuuliza alizipata wapi. Kila mtu wa umri wa Koko, bibi yangu, anajua. Wakati wa vita mji ulipofungwa, hakuna mtumbwi, hakuna treni, chumvi ilikwisha Kindu. Yeye alikuwa nayo. Watu walimletea walichokuwa nacho.

Chini ya rundo niliiona. Dhahabu, ina kipete cha shaba kilichounganishwa juu. Uso wa mwanamke umefutika, kama mtu anayeonekana ndani ya ukungu. Koko alinichorea mara mia kwa kijiti kwenye vumbi. Nilijua kabla ya kuigusa.

Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani. Nikajimwagia maji usoni.

Alhamisi, tarehe 6 mwezi wa sita

Ngoja niandike yote, mara moja, kwa utulivu.

Koko ni mama wa baba yangu. Ukoo wake ni wa Nyangwe. Babu wa babu yake alipandisha vitambaa vya merikani kutoka pwani na kuteremsha pembe za ndovu. Wamerikani waliokuwa Unguja walilipa pembe kwa dhahabu yao. Sarafu moja ilibaki katika ukoo. Mwanamke akiolewa, anaivaa. Asubuhi ya harusi mashangazi wanaisugua kwa limau na majivu mpaka iwake, kisha wanaimba. Koko aliivaa. Mama yangu aliivaa.

Mji ulipofungwa, mimi nilikuwa tumboni, na mama alikuwa amevimba miguu. Koko alipeleka sarafu kwa Kalonda, si kuiuza, bali kuiweka rehani kwa chumvi. Wakakubaliana: itakombolewa kwa gunia la mchele. Baba akaenda Kailo kwa njia za msituni, akarudi na gunia kichwani. Akalifikisha kwa Kalonda, akadai sarafu ya mama yake.

Kalonda alipokea mchele. Akamwambia angoje. Akatoka kwa mlango wa nyuma na kuwaambia askari waliokuwa wameshika mji kwamba huyu ametoka msituni na mchele. Na nani anatoka msituni na mchele, kama si anayekula na watu wa msituni, wale waliouzingira mji?

Walimchukua pale pale dukani. Jirani aliona. Hakuna aliyemwona tena.

Jina lake Amisi. Ndilo ninalojua, na si zaidi. Koko akifika hapo hunyamaza.

Mjomba aliponipatia kazi hii, Koko hakusema nami wiki nzima. Sikumweleza kwa nini nilikubali. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kuuona ule uso kwa karibu.

Jumapili, tarehe 9 mwezi wa sita

Nilipanda karibu na stesheni, mtandao ni mzuri huko. Nikasoma mpaka betri ikafa.

Ni elimu kubwa, na ya ajabu. Kwanza mwaka. Halafu herufi ndogo chini ya tai: S, au O, au hakuna herufi. Inaonyesha mji sarafu ilikotengenezwa. Halafu unatazama nywele za mwanamke, kama nyuzi zake zinaonekana. Unatazama kifua cha tai. Unatazama ukingo. Sarafu mbili za mwaka mmoja, uzito mmoja, sura moja: hii ni bei ya dhahabu yake tu, ile ni bei ya nyumba. Kwa ajili ya herufi O.

Nilipenda. Naandika kwa aibu, lakini nilipenda. Kwa muda nilisahau ni za nani.

Jumanne, tarehe 11 mwezi wa sita

Nimempa Patroni bei za zile tisa. Zote za kweli. Alipofika kwenye ile yenye O alinifanya nirudie.

"Herufi moja?"

"Ndiyo, Patroni. Zilizotengenezwa kule zilikuwa chache."

"Wazungu hawa. Siye tunanunua dhahabu, wao wananunua alfabeti."

Papa Idi, mlinzi wetu, alicheka mpaka akashika mlango. Akasema basi na yeye atauza jina lake, lina herufi tatu. Patroni naye alicheka. Akicheka anakuwa kama mtu wa kawaida. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Ile yenye kipete niliiweka mwisho. Nikamwambia hiyo ni bei ya uzito tu. Akauliza sababu. Nikasema kipete.

Ni kweli, nusu. Nusu ya pili nilikuwa nimeisoma juzi na sikuitamka.

Jumatano, tarehe 12 mwezi wa sita

Nusu ya pili ni hii. Mnunuzi wa sarafu za zamani hataki sarafu ing'ae. Anataka ngozi yake. Ule weusi, ule ubuluu wa pembeni kama shingo ya njiwa, ile rangi ya mawese yaliyoganda juu ya dhahabu: miaka ndiyo iliyoviweka, na miaka ndiyo anayoilipia. Sarafu iliyosuguliwa imekufa. Mjuzi anaona kwa kutupa jicho. Anairudisha kwenye bei ya metali, na mara nyingine haitaki kabisa. Ngozi ikitoka hairudi.

Ya kwetu ilikufa zamani. Wanawake wa kwetu waliiua kwa furaha, harusi baada ya harusi.

Zile nyingine bado ziko hai.

Na sheria ya nyumba naijua. Kila kitu kinaoshwa kabla ya kupandishwa mezani kwa mnunuzi.

Nimekaa na wazo hili siku nzima. Linapiga ndani yangu kama moyo wa pili.

Ijumaa, tarehe 14 mwezi wa sita

Nimeamua. Sitamwambia asafishe. Sitamwambia asisafishe. Nitatoa na bei za zile za fedha, za kweli, bila kosa hata moja. Nitakuwa karani mwema. Akinyamaza, atatajirika, na mimi nitaondoka Kindu nikiwa sijafanya kitu. Akiagiza, nitatii.

Naogopa sana. Ana watu wake. Nyumba anayopanga mjomba ni yake.

Jumapili, tarehe 16 mwezi wa sita

Alikuja nyumbani. Kwetu! Nilisikia sauti yake uani nikadhani nimekwisha.

Alikuwa ameleta kuku. Shukrani kwa kazi nzuri. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akamsalimia Koko kwa heshima kama anavyosalimiwa mama mzee.

"Mama, mutoto wako iko na akili. Namuhesabu sawa binti yangu."

Koko alimtazama. Alijibu salamu. Mikono yake iliendelea kuchambua majani ya mihogo. Labda macho yake ya uzee hayakumtambua. Au, Mungu wangu, alimtambua na hakuonyesha. Kalonda hakumtambua kabisa. Amezeeka, Koko, amekuwa mdogo. Lakini aliwahi kusimama mbele ya mtu huyu na kuvua dhahabu shingoni.

Alipoondoka Koko akasema, "Kuku huyu achinjwe kwa jirani." Basi. Alimtambua.

Jumatatu, tarehe 17 mwezi wa sita

Ametumia pesa ambazo hajazipata. Amechukua dragi kwa mkopo, mashine ile ya kufyonza mchanga mtoni, ya kufanyia kazi kwenye mto Elila. Amekopa kwa wafanyabiashara wawili na kwa kanali mmoja. Rehani aliyoweka ni nyumba hii ya kununulia dhahabu, mizani, maghala mawili, na nyumba zake za kupangisha. Aliniita niandike hati kwa sababu mwandiko wangu ni safi.

Kukopa kwa kanali. Mtu mwenye akili hafanyi hivyo. Lakini bei zangu zimempofusha, na bei zangu ni za kweli.

Ningeweza kusema leo. Neno moja. Nilikuwa na kalamu mkononi na yeye alikuwa ananimiminia soda. Nilifikiria gunia la mchele kichwani mwa baba. Nikaandika hati. Mwandiko ulitoka safi.

Jumanne, tarehe 18 mwezi wa sita

Mnunuzi anafika kesho kwa ndege ndogo. Asubuhi Patroni alilifungua kopo, akalifunga. Akalifungua tena. Akasema, "Tuziache hivi, mzungu anapenda vitu vya zamani." Nilihisi kitu kinaanguka ndani yangu. Sikujua kama ni huzuni au nafuu.

Nikaendelea kupima. Mchana ukapita.

Halafu akaja mchimbaji wa Pangi na dhahabu chafu. Patroni akamkemea kama kawaida: osha kwanza. Na alipolisema lile neno akaligeukia kopo.

"Hata yeye ataniona mushenzi. Nimuwekee uchafu kwenye meza?"

Nikamuuliza mbele ya Papa Idi: "Patroni, zote zisafishwe?" Akasema zote. Nikamuuliza tena: "Hata za dhahabu?" Papa Idi akasema huyu mtoto anauliza kama polisi. Patroni akasema zote, ziwake sawa jua.

Asidi inakula fedha, hilo analijua. Kwa hiyo zile za fedha limau na majivu, na mswaki mgumu. Zile za dhahabu asidi, kisha mchanga laini.

Alikunja mikono ya shati akakaa karibu nami kwenye kibao. Akasugua mwenyewe. Alikuwa na furaha. Aliimba wimbo wa kanisani, akichanganya maneno. Ubuluu ule wa shingo ya njiwa uliteremka kwenye beseni kama maji ya masizi. Nywele za wale wanawake zikaja nyeupe, tupu. Ile yenye O niliisafisha mimi. Nilishikilia mswaki kwa vidole viwili, kisha kwa mkono mzima.

Kulikuwa na kitu sikukitarajia. Kila moja ilitoka sandukuni mwa mtu. Nilikuwa nasugua sarafu za wanawake ambao sijui majina yao, na kama siku moja wangedai haki, sasa hakuna cha kudai ila metali. Niliwaza hivyo. Sikuacha kusugua.

"Iko muzuri?" aliniuliza.

"Zinang'aa, Patroni."

Jumatano, tarehe 19 mwezi wa sita

Mgeni ni mzungu mzee, mwembamba, Kiswahili chake cha Kampala, kigumu. Alikunywa maji tu. Patroni aliondoa kitambaa juu ya meza kwa mbwembwe, na sarafu zote zikawaka.

Mgeni hakukaa. Alitoa lenzi, akachukua moja, akairudisha bila kuiangalia kwa lenzi. Akachukua ile yenye O. Hiyo aliitazama kwa muda mrefu. Nilimwona akifumba macho.

Akauliza nani amezisafisha.

Patroni akasema kwa fahari, "Mimi. Kwa mikono yangu."

Mgeni akaeleza. Hakutukana. Aliongea polepole kama daktari. Akasema ile yenye O jana ilikuwa na thamani ya kununua mtaa huu, na leo ni gramu. Akasema anaweza kuchukua zote kwa bei ya metali, lakini hiyo bei Patroni anaipata hapa hapa, hakukuwa na haja ya ndege. Akamshika Patroni bega. Akaondoka kurudi uwanjani kwa pikipiki ile ile iliyomleta.

Patroni alibaki amesimama. Sijawahi kuona mtu akikauka hivyo. Midomo ilikuwa myeupe.

Nilitazama vizuri. Nilikuwa nimengoja kutazama maisha yangu yote.

Baadaye akanigeukia. "Sakina. Ile simu yako haikusema?"

"Patroni, ulisema nisafishe zote."

Alinitazama. Nilikuwa natetemeka, macho chini, jasho. Na ndivyo ninavyokuwa kila siku. Sura yangu ya hatia ni sura yangu ya kazi. Woga wangu ulinificha kama pazia.

Papa Idi akasema, "Ni kweli, Patroni. Aliuliza mara mbili."

Alhamisi, tarehe 20 mwezi wa sita

Nimelala vizuri. Nimekula sahani mbili za bugali.

Ijumaa, tarehe 21 mwezi wa sita

Wale wafanyabiashara wawili walikuja. Wakaongea kwa adabu. Baada yao akaja kijana wa kanali, na yeye hakuongea kwa adabu. Aliketi juu ya meza yangu na kucheza na mizani.

Patroni ameagiza sarafu zote ziyeyushwe. Anahitaji donge la kupeleka leo leo.

Niliwasha jiko. Nikaanza na fedha. Halafu dhahabu. Nilikuwa na ile ya kwetu mkononi. Ningeweza kuomba kuinunua kwa mshahara wangu, ni gramu tu, angenipa. Lakini angeuliza kwa nini hiyo. Nilitafuta jibu moja lisilo la hatari. Sikulipata. Kijana wa kanali alikuwa ananitazama.

Nikaiangusha kwenye chungu. Kipete kiliondoka kwanza. Halafu mwanamke.

Mimi ni mwoga. Niandike hivyo. Nimemfilisi mtu mkubwa na sikuweza kumwomba kitu kidogo.

Jumamosi, tarehe 22 mwezi wa sita

Nilimwambia Koko. Yote. Bei, limau, mgeni, dragi, kanali. Nilifikiri atapiga vigelegele. Nilifikiri atanilaani kwa ajili ya sarafu. Hakuuliza juu ya sarafu.

Alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Anajua kwa nini?"

Nikasema hapana. Hajui hata kama nilifanya. Hapo ndipo ujanja wangu ulipo.

"Basi amepata hasara. Wachuuzi wanapata hasara kila siku."

Akauchukua ungo. Akaendelea.

Nimekasirika naye siku nzima. Nimekasirika kwa sababu amesema kweli.

Jumatatu, tarehe 24 mwezi wa sita

Nimekwenda kumwambia.

Ofisi ilikuwa wazi, hakuna mizani. Wameichukua. Papa Idi hakuwapo. Patroni alikuwa ameketi kwenye kiti changu, si chake, kwa sababu chake pia kimeondoka. Viatu vyake havikufungwa kamba. Akaniambia kama nimefuata mshahara, nimwonee huruma.

Nilisimama karibu na mlango ili niweze kukimbia. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, nikayasahau. Nikasema tu:

"Mimi ni mutoto wa Amisi."

"Amisi gani?"

"Wa wakati wa vita. Alileta gunia la mchele kutoka Kailo. Alikuja kukomboa sarafu ya mama yake. Ile yenye kipete."

Alifikiri. Alifikiri kweli, naapa, nilimwona akitafuta. Kisha uso wake ukafunguka.

"Mchele wa Kailo. Ndiyo. Ulikuwa umelowa upande mumoja. Tuliuanika juu ya mabati."

"Na muntu?"

"Muntu gani?"

Nikamweleza. Mlango wa nyuma. Askari. Dukani pale pale. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini haikukatika. Nikamwambia kwamba nilijua habari ya ngozi ya sarafu tangu mwanzo. Kwamba nilinyamaza kwa makusudi. Kwamba nilipokuwa nasugua nilikuwa najua, na alipokuwa anaimba nilikuwa najua.

Nilingoja ainuke. Nilingoja apige kelele aite watu. Nilikuwa tayari.

Aliponiangalia, macho yake yalikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyepewa bei isiyoeleweka.

"Kumbe sababu njo ule mchele," alisema. "Ungeniambia, binti yangu. Ningekulipa mchele."

Nilitoka. Nilitembea mpaka mtoni. Nikakaa kwenye ngazi za kivuko watu wanapovuka kwenda Alunguli, sikuvuka. Nilitaka kulia na sikuweza. Nilitaka kurudi nimchome kwa kitu. Hakuna kitu. Hana pa kuchomwa. Baba yangu hayumo ndani yake hata kidogo. Alimpoteza siku ile ile, kabla mchele haujakauka.

Jumatano, tarehe 26 mwezi wa sita

Nimekaa ndani. Kila pikipiki ikipita nadhani wametumwa. Hakuna aliyetumwa.

Mjomba anasema Kalonda amepanda gari la mizigo kuelekea Lubutu, usiku usiku, anamkimbia kanali. Nyumba ya mjomba sasa ni ya kanali. Kodi ni ile ile.

Nilidhani habari hii ingekuwa tamu.

Alhamisi, tarehe 27 mwezi wa sita

Nilimweleza Koko alichosema. Kuhusu mchele. Kuhusu "muntu gani". Nilikuwa nimeogopa kumwambia, niliona ni kama kumwua baba mara ya pili mbele yake.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaniomba nirudie lile la kuanika juu ya mabati. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Akaenda kulala mchana, jambo ambalo hafanyi.

Jumapili, tarehe 30 mwezi wa sita

Sikukuu ya uhuru. Muziki kila upande wa mji, wanafunzi wanaandamana barabarani. Sisi tumebaki uani.

Koko ameanza mwenyewe. Sikuuliza. Alikuwa anasuka nywele zangu, kwa hiyo sikuuona uso wake.

Amesema Amisi hakupenda samaki wenye miiba. Amesema alikuwa na kovu kwenye goti kwa sababu ya baiskeli ya mtu mwingine. Hesabu alijua, lakini kusoma kwa sauti kulimtia kigugumizi. Alimwogopa mbwa yeyote, hata aliyefungwa. Aliogopa radi. Aliogopa giza mpaka akawa kijana mkubwa mwenye ndevu, na alipokwenda Kailo kupitia msituni alisimama mlangoni akarudi ndani mara mbili kabla ya kuondoka.

"Mwoga," alisema Koko, na akacheka kidogo. "Mwoga sana, mutoto wangu."

Vidole vyake viliendelea.

Amesema alipenda kofia. Amesema alimchagulia mama yangu kitenge kibaya na mama alikivaa tu. Amesema asubuhi, akinawa uso, alipiga mluzi, wimbo ule ule kila siku, majirani walijua kumekucha.

Nikamwomba wimbo. Akajaribu kuupiga. Hana meno ya mbele. Ulitoka upepo tu, unapanda, unashuka, unapanda.

Tukausikiliza mpaka ukaisha.